Kibanda cha Kupekulia Wanawake

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kifua chako kimetulia tangu mvua zikatike. Sisi huku tunapumua, na siku hizi kupumua si jambo dogo. Watoto wanaokuletea barua hii nimewaambia wanakuja kwako likizo. Wape maji, cheka nao kidogo, kisha uingie chumbani uisome ukiwa umefunga mlango. Yule mkubwa anajua kusoma uso wa mtu, na sitaki ayaone usoni mwako yale niliyoshindwa kumwambia kwa mdomo wangu.

Tangu uliporudi kwako baada ya kumzika baba yao, mengi nimekuficha kwenye simu. Simu hatuziamini tena. Ndiyo maana ukiniuliza habari nakujibu nzuri, halafu nakuuliza bei ya mchele.

Unakumbuka kizuizi cha polisi walichokiweka pale barabara yetu inapoingia daraja, siku chache baada ya bomu la kituo cha mabasi. Ulipoondoka kilikuwa mapipa mawili na ubao. Sasa kina mageti, mifuko ya mchanga, na askari mchana na usiku, na hakuna njia nyingine ya kwenda sokoni, shuleni wala hospitali; basi la kwenu tu ndilo halipiti hapo. Mwanzoni tulikishukuru. Mama mkwe ndiye aliyekishukuru kuliko sote. Bomu lilimkuta ameshikana mkono na mwanawe, mume wangu, likamchukua mwana na kumwachia yeye mguu mmoja. Alikuwa akiketi mlangoni na magongo yake akitazama foleni ya watu wanaopekuliwa, anasema nafsi yake inapoa. Waliomlalamikia kuhusu kuchelewa aliwaambia, "Mimi wanipekue hata mara mia. Mguu hauoti, na mwanangu hafufuki."

Askari wa kike walikuwa hawatoshi, wakatafuta wanawake wa mtaani wa kuwasaidia. Nilikwenda. Cherehani ilikuwa imelala, maana nani anashona nguo mpya mtaa mzima ukiwa matangani? Wakanipa kibanda cha turubai chenye pazia, niwapekue wanawake. Kazi niliiweza, dada. Mikono ya fundi wa nguo inakijua kiuno kilichofungwa kitambaa na kiuno kilichofungwa kitu. Asubuhi moja nilimgusa mwanamke aliyebeba mgongoni mtoto aliyelala fofofo, na chini ya mbeleko vidole vyangu vikakutana na nyaya. Alinitazama tu. Wakamchukua. Kwa hiyo nikikuambia leo kwamba kizuizi kile hakina faida, nitakuwa mwongo. Kuna watu wanaotembea sokoni hivi sasa kwa sababu ya asubuhi ile.

Baadaye akaletwa msimamizi mpya. Wanawake walimpa jina la Pazia, kwa sababu hakuliacha pazia la kibanda changu litulie. Alianza kwa kuchungulia. Siku zilizofuata akawa anaingia na kusimama. Mwisho akawa anaamuru huyu avue blauzi, yule ajifungue nguo, naye anatazama. Nilimwomba aniachie, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoitiwa. Akanijibu kwamba bomu halina haya, basi na mimi nisiwe nayo. Nikamlalamikia mkuu wa kituo cha polisi, naye akasema atalishughulikia, kama wasemavyo wakubwa wasiotaka kulishughulikia.

Wifi yangu unamjua, yule mwalimu wa darasa la pili, mdomo wake hauna breki. Siku moja alikuwa kwenye foleni bibi muuza mikate alipotoka kibandani analia, blauzi kaikumbatia kifuani. Wifi hakupiga kelele. Aligeuka akawaambia wenzake, "Kupekuliwa hatukatai. Tumezika watu, tunajua. Lakini hatuingii humo mpaka mwanamume atoke." Mmoja akaketi chini barabarani, akaketi wa pili, mara foleni nzima imeketi na magari yamebanana mpaka darajani. Ikabidi mkuu wa kituo aje mwenyewe, akamtoa Pazia kibandani mbele ya watu, akamhamishia kwenye meza ya kukagulia mikoba. Nilicheka kimoyomoyo, dada. Kicheko kile kimekuja kunitokea puani.

Jioni mama mkwe alimkalia kooni binti yake. Alimwuliza kama anataka askari waondoke, bomu jingine lije limmalizie mguu uliobaki. Wifi akamjibu kwa upole kuliko nilivyotarajia, "Mama, nikiweka mlinzi mlangoni, sijampa ruhusa ya kuingia chumbani kwangu." Mama akasema yeye amebaki na mtoto mmoja tu, na mdomo huo ndio utakaomwachia nyumba tupu.

Siku mbili baadaye wifi alipita kama kawaida akienda shule. Nilimpekua mwenyewe. Mkoba wake ulikuwa na chaki, madaftari ya watoto, kitana na funguo. Nikamrudishia, akaenda. Hakufika mbali, Pazia akamwita arudi mezani kwake, akatia mkono mkobani na kutoa risasi tatu zimefungwa kwenye karatasi. Nilitoka kibandani nikasema mbele ya wote kwamba hazikuwemo. Nilirudia kwa mkuu wa kituo. Aliniambia niende nyumbani nikapumzike, kwamba msiba unamchanganya mtu. Sijaitwa kazini tena.

Kwa sheria mpya iliyotungwa baada ya bomu, anayekamatwa kizuizini hana dhamana. Wamemweka gereza la mbali. Kesi ilipotajwa nilisimama nikasema nilichokiona, hakimu akaandika, akaahirisha. Siku hiyo hiyo mchana wakaja wanaume wawili dukani kwangu. Walitaka kupunguza suruali, na suruali hawana. Wakakaa kwenye benchi la wateja, wakaniuliza watoto wangu wanasoma shule gani na asubuhi wanapitia njia ipi. Mmoja akaniambia nina watoto wazuri. Sasa unajua kwa nini wako kwako.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Linalonishinda ni hili.

Siku ile tulipokuwa tunatoka mahakamani, mama alichoka, tukaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Nilidhani magongo yanamchoma kwapani. Akasema, "Ni mimi." Nikamwuliza ni yeye nini. Akaniambia kwamba baada ya ule ugomvi wa jioni, asubuhi yake alijikokota mpaka kizuizini na kumtafuta Pazia. Alimwomba amtishe binti yake. Amkamate, amlaze ndani siku moja, apate woga, afunge mdomo. "Nilimwambia kidogo tu," aliniambia, "kama unavyomtisha mtoto asisogelee kisima." Pazia alimletea kiti, akamwita mama, akamwambia asiwe na wasiwasi.

Dada, niliinuka nikaondoka, nikamwacha pale. Nilifika mbali kabla sijakumbuka kwamba akishaketi hawezi kuinuka bila mtu wa kumshika. Nikarudi nikamwinua. Tulikwenda mpaka nyumbani, na tangu hapo hakuweka chakula kinywani, maji tu. Aliniomba kitu kimoja, kwamba nikamwambie wifi hayo, kwa kuwa yeye gerezani hafiki.

Nilikwenda. Wamemnyoa nywele, shingo imekuwa kama ya mtoto. Tulisimama wavu katikati yetu, askari pembeni. Nikaanza kuzunguka, mara hali ya hewa, mara wanafunzi wake wanamsalimu. Akanikatiza. Alisema anajua, kwamba Pazia alimwambia ndani ya gari siku ile ile, huku akicheka. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema, "Ungemfukuza, wifi. Na asubuhi nani angemwinua kitandani?" Kisha akauliza kama mama anakula. Sikuweza kumdanganya. Akaegemeza paji la uso kwenye wavu, akasema, "Mwambie ale. Mwambie nimesema ale, sitaki nitoke nimkose."

Nilimfikishia mama. Alikula vijiko viwili, akalia, akala tena. Alipomaliza alisema atasimama mbele ya hakimu aeleze alichomwomba Pazia. Wakili anasema maneno yake yanaweza kumtoa wifi, au yakamwingiza na yeye ndani. Mama anasema potelea mbali, mguu mmoja haupati shida ya kukaa chumba kidogo. Alitaka nicheke, nikajilazimisha.

Kesi ni Jumatatu, na mahakama iko ng'ambo ya daraja. Ina maana ili tufike tukatoe ushahidi juu ya Pazia lazima kwanza tupite mezani kwa Pazia, maana bado yupo pale. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Leo nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Nimefumua mifuko yote ya gauni langu na la mama, nikaishona ikafungana na kitambaa. Mikoba hatubebi. Hata pindo nimezibana, ili asipate mahali pa kutia kitu.

Usiposikia sauti yangu mpaka mwisho wa juma, waandikishe watoto shule ya huko. Mkubwa atakuuliza maswali, mjibu ukweli kidogo kidogo. Mdogo haogopi giza, ila akimwona mtu mwenye sare hujificha nyuma ya sketi ya aliye karibu. Usimwambie atoke, msimamie tu.

Nisalimie shemeji, na jirani yako yule wa mbogamboga. Mama naye anakusalimu, ameniambia niandike kwamba anakuomba radhi kwa mzigo wa watoto. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi