Kibao cha Bawabu Chini ya Sanamu

Neri, leo nimeipa Firenze mchango wa kudumu katika sanaa. Umedumu dakika nne.

Unalijua lile jitu la marumaru lisilomalizwa, ambalo bado limenasa ndani ya jiwe mpaka kifuani? Kwenye uzio wake nimetundika kile kibao ambacho bawabu wa bweni letu hukitundika anapokwenda kunywa kahawa: "Narudi sasa hivi." Kana kwamba mchongaji katoka kidogo, miaka mia tano.

Watu wamecheka! Hata mlinzi kacheka!

Profesa Bencini, aliyetuleta kwenye makumbusho, hakucheka. Akamgeukia Lapo, mwanafunzi mwenzangu: "Wewe tena? Jumapili huendi nyumbani."

Neri, Jumapili dada yake Lapo anaolewa!

"Wallahi si mimi, Profesa!"

"Basi nani?"

Lapo akanitazama. Hakunitaja. Alinitazama tu, Neri, nami nikajifanya nachunguza goti la sanamu. Goti lenyewe halijachongwa!

Mwishowe nikasema, "Ni mimi, Profesa."

"Najua. Bawabu alinipigia simu asubuhi kwamba umekichukua. Nilitaka kuona utamwacha mwenzako mpaka lini."

Dakika nne, Neri. Nilimwacha dakika nne nzima.