Mstari wa Fidea

Jumatatu, 3 Juni
Napukuchua mahindi tangu asubuhi. Vidole vinauma. Baridi ya hapa Mfaranyaki mwaka huu haina adabu. Editha, kitinda mimba wangu, kakaa na kompyuta yake, hata gunzi moja hajagusa. Anaandika ukoo. Shemeji Kasian ndiye kamtuma. Shamba la ukoo kule Madaba linagawanywa, na mara ya mwisho walitukanana juu ya nani mtoto wa nani. Nimemwambia angechora kwenye karatasi, yaishe. Kacheka. Msomi huyo.

Jumanne, 4 Juni
Kanieleza. Kila mtu ana mstari wake na namba yake. Pembeni ya mstari, namba ya mzazi. Basi. Haandiki nani babu wa nani. Mashine inapanda yenyewe, mzazi hadi mzazi, mpaka kwa marehemu baba mkwe. Kwake yeye pale pa mzazi ni patupu.
Nikauliza, mzazi akiandikwa vibaya?
"Wote walio chini yake wanakwenda kombo, mama."
Sikulipenda jibu hilo. Marehemu mume wangu ni namba sita. Wanangu wote wameandikiwa sita pembeni. Na Editha kajiandikia sita.

Alhamisi, 6 Juni
Kasian kaja, kanywa chai yangu, katoa amri. Aliyekufa bila mtoto mstari wake ufutwe. Jina lisisomwe mbele ya ukoo Jumamosi ya wiki ijayo. Eti hawawezi kugawia makaburi shamba. Mpumbavu.
Editha kaiuliza mashine: waliokufa, ambao namba yao haipo pembeni ya mtu yeyote. Wametoka wawili. Mmoja ni Fidea, binti yangu.
Sikula.

Ijumaa, 7 Juni
Anataka tarehe za vifo kabla hajafuta. Ya Fidea nikaitaja bila kufikiri. Ipo msalabani pale kaburini, siwezi kuikosea. Editha akaandika, halafu mikono ikasimama. Fidea kafa siku mbili baada ya Editha kuzaliwa.
"Mama, ulikuwa unanyonyesha msibani?"
Nikamwambia asinichokoze, aende dukani kuleta chumvi. Kaenda. Karudi mikono mitupu.

Jumapili, 9 Juni
Sikupokea komunyo. Niandike hapa kwanza.
Fidea alikuwa na miaka kumi na tisa. Hajaolewa, na mwanaume hakumtaja. Tulikuwa tunakaa Bombambili. Nilimfungia ndani miezi mitano. Mimi nikajifunga matambara tumboni chini ya kitenge, na miaka yangu hamsini, nikatembea nayo mpaka kanisani. Mume wangu alijua, akaniachia. Watu waliamini au walinyamaza. Mtoto wa binti kulelewa na bibi kama wake ni kawaida kwetu. Lakini mimi sikutaka hata hilo lijulikane. Niliona nitachekwa.
Uchungu ulipomshika sikumpeleka hospitali. Majirani wangeona. Nilimpeleka siku ya pili, damu imeshakwisha. Aibu ilikuwa yangu, si yake. Kafa yeye.
Mtoto nikasema wangu. Padri kaandika nilivyosema.
Sasa nikinyamaza, Fidea anafutwa. Nikisema, Editha sina.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwambia. Jikoni, mchana, bila kupamba. Na ule uchelewaji pia. Hakulia. Kauliza kitu kimoja.
"Aliniona?"
Nikamwambia, alikuona. Alikushika. Huo si uongo.
Kambeba mwanae Yohana, kachukua kompyuta, kaenda kwa rafiki yake. Nyumba imenuka maharage yaliyoungua. Nilisahau moto.

Jumamosi, 15 Juni
Madaba. Ukoo mzima, mabenchi ya shule. Editha alikaa mbali nami. Kasoma mwenyewe, sauti kavu. Alipofika kwa mume wangu nikashika ukingo wa benchi. Fidea. Mtoto wa Fidea, Editha. Mtoto wa Editha, Yohana.
Kelele. Wifi yangu katema mate chini. Kasian kapiga meza, eti nani karuhusu kuvuruga orodha nzima.
"Sijavuruga kitu, babu. Nimebadilisha namba moja, ya mzazi wangu. Yohana sikumgusa. Kahama na mimi."
Babu, kamwita. Wiki iliyopita alikuwa baba mdogo.
Nikasimama. Nikasema ni kweli, niliwadanganya, na binti yangu nilimchelewesha mimi. Hakuna aliyenipa mkono. Sikuuomba. Wakati wa kurudi nilikaa peke yangu kwenye gari.
Fidea hakufutwa.

Jumatatu, 17 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Editha kaja kuchukua nguo zake na za mtoto. Kazikunja vizuri, hakuharakisha. Sikumfokea wala sikumzuia. Nilimshikia Yohana akafunga begi, nikamrudishia.
Alipoingia alisema shikamoo, akaishia hapo. Siku zote alikuwa anaongeza mama. Na kuniita bibi hajaweza.
Nikaitikia marahaba.