Karatasi Yenye Nilisaini juu ya Kocha Harmen

Kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumamosi asubuhi

Maman mupenzi,

Nakusalimia ku jina la Bwana. Mugongo unaendelea aje? Dawa ya kupakaa ilikufikia? Sisi huku tuko na pumuzi: bibi yangu anashona nguo, batoto banasoma. Lakini hii barua naandika na moyo muzito. Isome weye peke yako.

Unamukumbuka yule Muholandi mwenye nilikuambia, Kocha Harmen? Alichezaka mupira kwao, kisha akafundisha timu mu inchi mingi za Afrika. Kila pahali banamufukuza, kila pahali anaanza upya. Mwisho, timu moja ya Lilongwe ikamufanya direktere tekniki, njo mukubwa wa makocha bote. Siku alikuja Dzaleka kuangalia mechi, akanikuta nafundisha bagolikipa. Akasema, "We, Jumatatu unakuja kunisaidia." Bantu bote huku banauliza nilikimbia nini. Yeye aliuliza naweza nini.

Miaka mbili nilienda Lilongwe na ruhusa ya kutoka kambi, ya siku chache chache. Ikiisha, polisi bananishusha mu minibasi pale Lumbadzi, mu njia ya Lilongwe, yeye anakuja kunitoa.

Mwaka huu mikono yake ilianza kutetemeka. Anamwanga chai, anajikwaa mu uwanja. Akaniambia mi tu: ni ugonjwa wa mishipa, hauponi. "Usiseme, Bahati. Bakijua, nimeisha."

Bakubwa ba timu balikuwa bamemuchoka, juu alikatala kuchezesha bandugu bao. Bakaniita ku biro. Prezida wa timu akanisukumia karatasi: eti kocha anafika ku mazoezi amelewa.

"We njo unakuwa naye kila siku," akasema. "Saini, tutakutafutia kibali cha kazi. Ukikatala, rudi Dzaleka ukae kabisa."

Maman, ule mutu haonji hata bia. Nilijua. Nikafikiri batoto, nikafikiri ile mahindi ya kambi yenye inapunguka kila mara. Nikasaini.

Kesho yake bakamufukuza. Nilienda kwake kumuaga, nikamukuta anashindwa kufunga valizi ya nguo. Nikapiga magoti, nikaifunga.

"Niliona sahihi yako," akasema.

Nikasimamisha ile valizi karibu na mulango.

"Ungebaambia ugonjwa, bangenifukuza vilevile. Lakini ningerudi kwetu na jina langu."

Hakupandisha sauti. Akasema "zikomo", njo asante ya huku, juu ya ile valizi, akaingia mu gari ya kwenda ku aeropoti. Nilimuandikia mara tatu. Hajajibu. Nasikia hata kwao timu zinakatala kumupa kazi, eti ni mulevi.

Kibali kilitoka, Maman. Mi njo nafundisha bagolikipa sasa, na batoto banakula nyama Jumapili. Mi nakula kidogo tu, shibe hainifikii.

Unisalimie Papa Mudogo mwenye anafundisha katekisimu, na Shangazi wa samaki ku soko ya Kadutu. Dada Furaha umupe pole ya mimba; Mungu amusaidie azae salama. Yeye njo aliniambia ku telefone eti unataka kusimama kanisani, utoe shukrani juu ya kazi yangu.

Usisimame, Maman. Pasta akiuliza habari yangu, sema tu niko muzima.

Mutoto wako,
Bahati