Kidonge Juu ya Kisosi

Mbingu, Jumapili, 8 Juni. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Baridi, mvua hakuna.

Mama,

Shikamoo. Baada ya misa tulipita kaburini kwako, nikang'oa majani, lakini Baba alikuwa karibu na sikuweza kukuambia niliyotaka. Nayaandika hapa.

Kakao tunavuna kidogo kidogo. Kasha la kuvundikia nimelibadilisha mbao mbili, zilikuwa zimeoza. Nafunika kwa majani ya mgomba kama ulivyonifundisha. Nikigeuza punje, lile joto na harufu ya siki vikinipiga usoni, nakuona umeinama upande wa pili, kitenge umekifunga kifuani.

Mkaguzi wa wanunuzi bado anapasua punje kwa kisu. Yenye kahawia ndani anaipokea. Yenye zambarau haijavunda vizuri, anaitupa. Wewe ulikuwa ukiziokota hizo kwenye upindo wa kitenge, na Baba akikutania mbele ya watu: "Mama Kalista, wenzio wanauza kakao, wewe unaokota aibu!" Nawe unamjibu, "Aibu hii nitaikaanga." Kweli unaikaanga kidogo, unaitwanga, unaichemsha bila sukari. Siku niliyoonja nilikimbilia nje kutema. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwezi uliopita bwana shamba alikuja kuzungumza na wakulima. Akasema uchungu wa zile punje za zambarau unatokana na flavanoli, jamii ya flavonoidi, vitu ambavyo mmea hujitengenezea wenyewe. Vipo hata kwenye majani ya chai. Kakao ikivundikwa na kukaangwa vinapungua. Akasema huenda vinasaidia mishipa ya damu kulegea, presha ikashuka kidogo. Mama, nilitamani ungekuwepo umgeukie Baba umtazame tu!

Lakini Baba alikuwa ameshanyanyuka. Bwana shamba alipofika kwenye "lakini" yake, kwamba utafiti bado unaendelea na kikombe hakichukui nafasi ya dawa, Baba alikuwa nyumbani anatafuta kinu chako.

Nilifurahi kumtwangia zile za zambarau. Sikujua. Alhamisi nikitafuta chekeche kabatini nikakuta vidonge vyake vya presha nyuma ya sahani, pakiti nzima haijaguswa. Nilipomuuliza hakukataa. "Mama yako alikunywa hiki miaka yote, kiharusi hakikumgusa. Kilichomwondoa ni kifua."

Nikampeleka zahanati. Muuguzi alipima, akapima tena mkono wa pili, kisha akamwambia, "Baba, leo shambani huendi, na vidonge unaanza leo." Mimi niliogopa, Mama. Wewe mwenyewe bado sijamaliza kukulilia. Tulipofika nyumbani akameza kimoja mbele yangu, Ijumaa akakataa, Jumamosi akakataa. "Niletee kakao ya mama yako."

Ndipo nikatambua kwamba Baba hakuwahi kuona. Alikuwa akitoka kwenda shamba alfajiri, wewe unakunywa akishaondoka. Yeye alikuta kikombe tu, kimeoshwa, kimefunikwa kwenye chanja. Niliyekuwa nakuletea maji ni mimi. Kikombe ulikifunika kwa kile kisosi kilichomeguka ukingo, na juu ya kisosi unaweka kidonge chako cha presha, mkono usiweze kufika kwenye kakao bila kukutana nacho. "Kidonge ndiyo dawa, Kalista. Kikombe ni raha yangu tu."

Leo kabla ya misa nimemwekea Baba hivyohivyo. Kisosi kilekile. Alikitazama muda mrefu.

"Ndivyo alivyokuwa anafanya?"

"Ndivyo, Baba. Kila siku."

Akameza. Akanywa maji. Kisha akafunua kikombe.

Kaburini, nilipokuwa nang'oa majani, nilidhani anasali. Nikasogea. Alikuwa anakulalamikia: "Mama Kalista, kile kitu ni kichungu mno. Uliwezaje?"

Nitaendelea kuziokota za zambarau, Mama, na watu wacheke. Na kila asubuhi, maadamu Baba yupo na mimi nipo, kisosi hakitakaa mezani kikiwa kitupu. Lala salama. Majani yakiota tena nitakuja.

Saa tatu na robo usiku. Baba anakoroma chumba cha pili. Nalala.