Makopo Mawili ya Nyangeta

Bukima

Mjukuu wangu Magesa,

Sisi huku tunaamka. Mama yako yuko Musoma anatibiwa macho, na baba yako mdogo amehamia Butiama.

Umeniuliza utawafundishaje wanafunzi kupanga jaribio wenyewe, wakati wao wanataka jibu tu. Mimi nilishindwa, mjukuu wangu.

Nikifundisha sayansi Bunda, binti mmoja wa kidato cha pili, Nyangeta, alipanda mbegu za pamba kwenye makopo mawili. Udongo uleule, maji kipimo kimoja, jua lilelile. Tofauti ilikuwa samadi tu, aliyoijaza kwenye kopo moja. Hakuna aliyemwelekeza. Baada ya wiki tatu, pamba yenye samadi ilikuwa fupi, imenyauka.

"Mwalimu, nadhani samadi imeiunguza," alisema kwa furaha. "Nirudie na kidogo?"

Mtihani ulikuwa karibu, na kitabu kilisema samadi hukuza mimea. Nikamwambia, "Andika ilirefuka."

"Lakini haikurefuka, mwalimu."

"We andika."

Akafuta, akaandika. Nikampa alama zote.

Tangu siku hiyo, kila nilipogawa vifaa, aliulizaga kabla hajagusa chochote: "Mwalimu, jibu ni lipi?" Mwishowe darasa zima likawa linauliza hivyo. Nilihangaika kuwarudisha mpaka nikastaafu. Sikuweza.

Kwa hiyo sina mbinu ya kukupa. Ila akija mtoto akakuambia ameona kisichokuwemo kitabuni, mtihani uache ungoje.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.