Yai Halipimi Breki

Behruz,

Wali uko jikoni, upashe moto. Gari usiliguse, mwite fundi aje hapa hapa nyumbani. Mimi na mtoto tumepanda basi kwenda Qazvin kwa dada yangu Mahnaz. Ndiyo, huyo huyo.

Usukani unatetemeka, na asubuhi mama yako anabonyeza yai huku akitaja majina, eti lipasuke kwa mwenye kijicho na gari lako! Likapasuka kwa Mahnaz, nawe ukatikisa kichwa kukubali. Mwanamume mzima na upara wako!

Jana niliendesha mimi kwenye barabara kuu. Mwendo wa mia na ishirini, usukani umetulia tuli. Nilipokanyaga breki tu, ukanitetemekea mikononi. Basi si matairi, wala si husuda. Diski za breki za mbele zimepinda. Kila ukishuka mlimani, zikiwa moto kama kikaango, unaliosha gari na kuzimwagia maji baridi, ili majirani walione linang'aa.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi ukishampigia Mahnaz umwombe radhi.

Yai moja nimekuachia kwenye friji. Libonyeze, ila safari hii anza na jina lako.

Mama Tara