Breki Zilizoombewa

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepungua na umeacha kugombana na daktari. Mimi mzima wa mwili.

Umesikia habari za lori la jeshi lililoingia korongoni? Ni la kikosi chetu. Dereva alikuwa Kobe, koplo tuliyempa jina hilo kwa sababu hata barabara ikiwa tupu huendesha kama amebeba mayai. Wenzetu wawili wamekufa. Sasa Kobe anashtakiwa kwa mwendo kasi. Kobe, mwendo kasi.

Asubuhi ile mimi ndiye nilikuwa fundi wa zamu. Nilimwambia Kamanda breki hazishiki, lori lisitoke. Akawakusanya vijana wakashikana mikono, akaliombea lori huku kiganja kiko juu ya boneti. Alipomaliza akaniambia, "Fundi, tatizo lako ni imani." Likatoka.

Wengine waliokuwepo husali naye, na wote wamesahau kwa pamoja. Nimebaki shahidi peke yangu. Mahakama ya kijeshi huapisha kwa kitabu kitakatifu, nami ulinilea bila dini. Nifanyeje?

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua kipo, aliyechoka ni daktari.

Ufanyeje? Sheria iko wazi. Asiye na dini hutoa uthibitisho badala ya kiapo, na uzito ni uleule. Idai haki hiyo. Tumejijengea jeshi ambalo fundi akisema breki hazishiki, mkubwa anamjibu kwa sala. Anayetaka kusali asali kwake mpaka magoti yaote sugu, sitamgusa. Lakini akishavaa nyota za serikali mabegani, lori si lake na watoto waliomo si wake. Na mahakama inayotaka ukweli uingie kwa mlango wa dini tu imeshachagua upande kabla hujafungua kinywa.

Usikishike hicho kitabu. Mama yako aliponiachia wewe, sikukulea uje kujifanya mbele ya watu.

Mjomba wako

21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kwa kusema tu.

Nilifanya ulivyoniambia. Karani aliyatafuta maneno ya uthibitisho, hakuyapata, ikabidi ayaandike palepale huku watu wakicheka. Mwendesha mashtaka aliniuliza swali moja: "Fundi, kama humwogopi Mungu, nini kinakuzuia kusema uongo?" Nikamjibu, "Wale wawili tuliowazika."

Wewe ungepiga makofi. Waamuzi watatu hawakupiga. Wamesema ushahidi wangu hauna pa kushikia. Kobe amepigwa miaka saba.

Mkewe, na mimba yake, alinifuata nje. Akaniambia taratibu tu, "Ungekishika, dada. Kingekuunguza?"

Swali hilo nakuletea wewe. Unalo jibu?

Mpwa wako

27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Jibu ninalo, na nimelala nalo siku zote hizi likinichoma. Mwanamke aliyenyang'anywa mume ana haki ya kumuuliza yeyote, lakini swali lile lilikuwa la wale watatu. Wao ndio walioona kitabu kuwa kizito kuliko fundi aliyelala chini ya lori.

Nimempata wakili wa kukata rufaa, rafiki yangu wa zamani. Mbishi kunishinda, na hatadai kitu. Makala yangu ya gazeti iko tayari, inamgonga kichwa kamanda wako bila kumtaja. Na shauri likisikilizwa upya, utasimama vilevile. Ukilegea sasa, tutakuwa tumewathibitishia kwamba bila kitabu neno letu si kitu.

Mjomba wako

18 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Barua zako nilizipata zote. Sikujibu kwa sababu ungenishinda kwa hoja, na nilikuwa nimeshaamua.

Wakili wako alifanikiwa, shauri likasikilizwa upya mbele ya waamuzi wengine. Jana nilikishika kitabu. Nikaapa, kisha nikasema maneno yaleyale ya Machi: breki, boneti, kiganja. Mwendesha mashtaka hakuniuliza lolote. Kobe yuko nyumbani. Mtoto alizaliwa wiki iliyopita, nasikia anampakata kama anavyoendesha.

Kasirika, una haki. Hata mimi nimekasirika. Kamanda hakuguswa, wamesema alikuwa na nia njema. Alinisubiri mlangoni akanishika bega, akasema anafurahi nimerudi kwa Mungu. Jumatatu nimepangiwa mimi kuyaombea malori. Nikamuuliza mipira ya breki niliyoagiza tangu mwaka jana iko wapi. Akasema, "Tuanze na maombi."

Kwa hiyo safari hii sitaki hoja, Mjomba. Uza kitu, kopa, fanya unavyojua, nitumie mipira ya breki ya malori manne. Saizi nimeiandika nyuma ya bahasha. Wakiniuliza imetoka wapi, nitawaambia imeshuka kutoka mbinguni.

Wataniamini. Nimeshaapa mbele yao.

Mpwa wako